Leseni ya dola 30 na soko la bunduki zilizozeeka

Kati ya leseni za silaha zinazotolewa na serikali kuu ya Marekani, mojawapo ya zilizo nafuu kabisa ni ile ya Aina ya 03, ya mkusanyaji wa silaha za kale na za kihistoria. Ada yake ni dola 30 kwa miaka mitatu. Mwenye duka la bunduki hulipa dola 200 kwa muda huohuo, tena hutakiwa kutoa picha na alama za vidole. Mkusanyaji haombwi hayo. Anatakiwa awe ametimiza miaka 21 na asiwe na kosa linalomnyima haki ya kumiliki silaha. Hujaza fomu, hupeleka nakala kwa mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lake, hutuma fomu na malipo kwa posta, halafu hungoja. Idara inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na milipuko, ATF kwa kifupi, imepewa na sheria siku 60 za kutoa jibu.

Mwenye dola zake 30 anapata nini? Chukua mkazi wa Ohio aliyeiona bastola ya Vita vya Pili vya Dunia inauzwa Texas. Kama hana leseni, sheria haimruhusu kuletewa nyumbani. Bastola itumwe kwanza kwa muuzaji mwenye leseni huko Ohio, mnunuzi aende dukani kwake, ajaze Fomu 4473, rekodi zake zichunguzwe, kisha alipe ada ya kupitishia mzigo, ambayo mara nyingi ni kati ya dola 20 na 50. Mwenye Aina ya 03 husaini nakala ya leseni yake, humtumia muuzaji wa Texas, na siku chache baadaye boksi liko mlangoni. Kwa anayenunua bunduki tano au sita kwa mwaka, ada ya leseni imesharudi kabla miezi mitatu haijaisha. Isitoshe, kwa miaka mingi baadhi ya maduka makubwa ya vipuri yamekuwa yakiwapa wenye leseni hii bei ya jumla, na wapo walioichukua kwa ajili hiyo tu.

Ruhusa hiyo ina mpaka. Inahusu silaha za kale na za kihistoria peke yake. Akitaka bastola mpya ya dukani, mkusanyaji anapanga foleni na kujaza fomu kama raia mwingine yeyote.

Chimbuko la haya yote ni biashara ya posta iliyokufa vibaya. Machi 1963, kampuni ya Klein's ya Chicago ilimtumia mteja mmoja bunduki ya Carcano, masalio ya jeshi la Italia, ikiwa na darubini juu yake. Bei ilikuwa dola 19.95, na dola 1.50 ya usafirishaji. Mteja alitumia jina la bandia na sanduku la posta. Alikuwa Lee Harvey Oswald, na Novemba ya mwaka huo bunduki hiyo ilimuua Rais John Kennedy mjini Dallas. Seneta Thomas Dodd alihangaika na muswada wa kudhibiti silaha za posta kwa miaka kadhaa bila kufika mbali. Ni baada ya Martin Luther King na Robert Kennedy kuuawa kwa risasi katika miezi miwili ya 1968 ndipo Bunge lilipokubali, na Rais Lyndon Johnson akatia saini tarehe 22 Oktoba mwaka huohuo.

Sheria hiyo ilizima biashara ya kumtumia mtu binafsi bunduki kutoka jimbo jingine, na ikafunga njia ya kuingiza masalio ya majeshi ya nje. Lakini wakusanyaji waliachiwa mlango wa pembeni, na mlango huo ndio leseni tunayoizungumzia. Carcano ya aina ileile leo inahesabiwa kuwa silaha ya kihistoria, na mwenye leseni anaweza kuletewa nyumbani. Kuna anayeliona hilo kuwa kejeli. Tofauti iliyopo ni kwamba safari hii jina la mnunuzi na anwani yake ziko mikononi mwa serikali kabla boksi halijafungwa.

Kinachopanga bei katika soko hili kuliko chuma chenyewe ni kalenda. Kuna mistari miwili. Wa kwanza haujongei: silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla yake ni ya kale kabisa, na sheria ya serikali kuu ya 1968 haiihesabu kuwa silaha ya moto. Haihitaji leseni. Mstari wa pili unasogea kila mwaka: silaha iliyotimiza miaka 50 tangu kutengenezwa, ikiwa katika hali yake ya asili na si nakala ya kuigiza, inaingia katika kundi la mkusanyaji. Bunduki iliyotoka kiwandani 1970 ilivuka mstari huo 2020. Ambayo haijafikisha umri inaweza kuingia kwa njia mbili nyingine: msimamizi wa makumbusho ya umma yanayoonyesha silaha athibitishe kuwa ina hadhi ya makumbusho, au mwenyewe aithibitishie ATF kwamba sehemu kubwa ya thamani yake inatokana na uadimu, au na uhusiano wake na mtu, zama au tukio la kihistoria. ATF huchapisha orodha ya zilizokubaliwa, na wakongwe wa soko wanaijua karibu kwa moyo.

Jinsi mwaka mmoja unavyoweza kubadili bei utaiona kwa bunduki za Finland. Wafini walichukua bunduki za Mosin-Nagant zilizoachwa na jeshi la mfalme wa Urusi, wakabakiza chumba cha chuma kinachoshika mtutu, wakafunga mitutu mipya na mbao mpya. Bunduki iliyounganishwa 1942 inaweza kuwa imebeba chuma cha 1896. Kwa ATF, kinachotazamwa ni umri wa chumba hicho. Kwa hiyo kwenye maonyesho utamkuta mnunuzi akiomba bisibisi. Anafungua skrubu mbili, ananyanyua chuma kutoka kwenye mbao, anakigeuza, na kutafuta tarakimu ndogo zilizogongwa chini ya mkia wake. Akikuta 1898 au pungufu, anashika kitu kisichohitaji leseni ya serikali kuu. Muuzaji anayejua kazi yake ameshazisoma tarakimu hizo kabla yako, na bei aliyobandika inasema hivyo.

Neno "hali ya asili" nalo lina hesabu yake. Miaka ya 1950 na 1960, masalio ya jeshi yalipokuwa ya bei ya kutupa, Wamarekani wengi walikata mbao, wakafupisha mitutu na kuzifanya bunduki hizo za kuwindia paa. Bunduki iliyokatwa hivyo inaweza kupoteza nafasi yake katika kundi la mkusanyaji. Ile iliyosahaulika darini bila kuguswa ndiyo inayogombewa leo. Hata kusugua kutu na kupaka rangi mpya ni hasara. Mgeni hudhani anaipendezesha, kumbe kila anapopitisha msasa anafuta mihuri ya ukaguzi na namba, vitu ambavyo mnunuzi mzoefu huvikagua kimoja kimoja akitaka kujua kama namba ya mtutu, ya komeo na ya kitako zinalingana.

Sasa tuje kwenye mzigo. Mwaka 1984 Bunge, kwa marekebisho yaliyopiganiwa na Seneta Bob Dole, lilifungua tena njia ya kuingiza masalio ya kijeshi yenye sifa ya kihistoria. Kampuni kama Century Arms zikapata kazi. Ukuta wa Berlin ulipoanguka, maghala ya Ulaya Mashariki yakafunguliwa, na makontena yakaanza kutua yakiwa na Mosin-Nagant, Mauser za Yugoslavia na nyinginezo, zote zimepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu ambayo mnunuzi alikesha akiifuta kwa mafuta ya taa na matambara. Mosin-Nagant zilitengenezwa kwa mamilioni mengi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 moja iliuzwa chini ya dola 100. Ndiyo enzi iliyozaa wakusanyaji wengi wa leo, vijana waliokuwa na mshahara mdogo na leseni mfukoni.

Enzi hiyo imekwisha. China ilifungiwa 1994. Mwaka 2013 serikali ya Obama ilizuia kampuni binafsi kurudisha nchini silaha za kijeshi ambazo Marekani ilizigawa kwa washirika wake. Septemba 2021 vikwazo dhidi ya Urusi vilisimamisha vibali vipya vya kuingiza silaha na risasi za huko. Maghala yenyewe nayo yana mwisho, na hakuna kiwanda kitakachotengeneza tena Mosin ya 1943. Bunduki ya dola 80 ya wakati ule leo inauzwa kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Waagizaji sasa wanazunguka kutafuta ghala ambalo halijafikiwa.

Msako huo umewafikisha pembe yetu ya dunia. Kampuni ya Royal Tiger Imports imekuwa ikiuza shehena za silaha zilizotoka Ethiopia, zikiwemo Vetterli na Carcano za Italia na Gras za Ufaransa. Nyingi zimechoka: mbao zimepasuka, chuma kina mashimo ya kutu, vipande vimefungwa kwa ngozi au bati na fundi wa kijijini. Mahali pengine zingeuzwa kama chuma chakavu. Lakini Ethiopia ndiyo iliyowapiga Waitalia Adwa mwaka 1896, na mnunuzi analipia uwezekano kwamba bunduki aliyoishika ilikuwepo. Uwezekano, nasema. Pasipo karatasi inayoifuatilia namba yake, hakuna anayeweza kukuapia.

Historia ya Tanga nayo ina wateja wake. Novemba 1914 baadhi ya askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walipigana na Waingereza wakiwa na Mauser ya 1871, iliyofyatua moshi mzito wa baruti nyeusi na kuwaonyesha adui walipolala. Bunduki ya mtindo huo ni ya kale kisheria, hivyo inauzwa Marekani bila leseni. Yenye ushahidi kwamba ilipita Afrika Mashariki ni jambo jingine kabisa, na mwenye ushahidi huo hana haja ya kutangaza kwa sauti.

Hapo ndipo nyumba za mnada zinapojipatia riziki. Agosti 2021 Bonhams iliuza kwa zaidi ya dola milioni 6 bastola ya Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia Billy the Kid. Colt nyingine ya mtindo uleule, isiyo na jina, haikaribii hata sehemu ndogo ya fedha hizo. Mei 2022 Rock Island ikauza jozi ya bastola za Remington za Jenerali Ulysses Grant kwa zaidi ya dola milioni 5. Kinachonunuliwa pale ni barua, picha na viapo vya warithi. Kwa maoni yangu, faida ya kudumu katika biashara hii iko kwenye nyaraka, na anayenunua chuma kitupu leo akitarajia bei ipande kama ilivyopanda kwa Mosin amechelewa.

Waagizaji nao wana adha yao. Sheria inawataka wachonge jina la kampuni, mji na jimbo kwenye kila silaha wanayoingiza, na tangu 2002 kina cha maandishi kisipungue sehemu 3 za elfu za inchi. Kwa mkusanyaji, mstari huo wa herufi ubavuni mwa mtutu ni kovu. Bunduki isiyo nao, iliyoletwa na askari aliyerudi vitani, huuzwa ghali zaidi ya pacha wake aliyekuja kwa kontena.

Baada ya kupata leseni, wajibu mkubwa ni daftari. Kila silaha ya kihistoria inayoingia inaandikwa si zaidi ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata: tarehe, aliyekuuzia na anwani yake, mtengenezaji, modeli, namba, aina na kipenyo cha risasi. Ikitoka, unazo siku saba za kuandika imekwenda kwa nani. ATF inaweza kukagua daftari na silaha mara moja katika miezi 12, na mkusanyaji anaruhusiwa kuchagua ukaguzi ufanyike katika ofisi yao iliyo karibu badala ya sebuleni kwake. Mistari iliyorukwa ndiyo itakayokuumbua siku hiyo.

Hatari kubwa zaidi iko kwingine. Leseni hii ni ya kukusanya. Kuuza moja ili ununue iliyo bora zaidi kunakubalika. Kununua kumi mwezi huu na kuziuza kumi mwezi ujao kwa faida ni biashara, na biashara ina leseni yake. Sheria ya 2022 ilipanua tafsiri ya mfanyabiashara wa silaha: anatazamwa mtu ambaye lengo lake kuu ni faida, hata kama hategemei uuzaji huo kwa riziki yake. Wakusanyaji wanaojiita wastaafu huku wakiwa na meza kila maonyesho wajipime wenyewe. Na bunduki inayofyatua mfululizo, hata iwe ya 1918, inabaki chini ya sheria ya 1934 pamoja na usajili wake na kodi ya dola 200.

Kwa Waswahili walioko Marekani wanaofikiria kuingia katika soko hili: aliye huko kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha, ila kwa misamaha michache. Mwenye ukazi wa kudumu anaweza kuomba. Majimbo mengine yana masharti makali kuliko ya Washington, kwa hiyo soma sheria ya jimbo lako kabla ya kutuma hizo dola 30. Leseni hii haina nguvu nje ya Marekani, na anayetaka kumletea mzee wake Mauser iwe pambo ukutani Tanga au Mombasa atahitaji kibali cha nchi inakokwenda, na kwa kawaida kibali cha kuitoa Marekani pia. Ulizia vibali hivyo kabla hujailipia.