Mama akitoka gerezani, nani anampokea?



Tukizungumza juu ya gereza, tunasema mengi juu ya kuingia: nani amefungwa, kwa kosa gani, kwa miaka mingapi. Juu ya kutoka tunanyamaza. Lakini siku ile mama anasimama mbele ya mlango bila nauli, bila nyumba, pengine bila kujua watoto wake wanalala wapi.

Tunajua maisha ya magereza yetu. Chakula kingi cha wafungwa kinaletwa na jamaa. Baba akifungwa, mara nyingi bibi yake ndiye anayebeba sahani. Mama akifungwa, mara nyingi bwana anachoka upesi na watoto wanagawanywa kwa shangazi na kwa nyanya. Mali ya biashara inaishia kwa deni. Hivi kifungo kinakwisha na adhabu nyingine inaanza. Sisi walimu tunaiona hata darasani: mtoto anachekwa wakati wa mapumziko, kisha anaacha kuja.

Serikali ina wajibu hapa. Kifungu cha 18 cha Katiba yetu kinasema mfungwa atendewe kwa namna inayolinda uhai, afya na heshima yake. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulipitisha Kanuni za Bangkok, 70 kwa hesabu, juu ya wanawake wafungwa. Kanuni ya 46 na ya 47 zinaomba msaada uandaliwe kabla ya kutoka na uendelee baada ya kutoka: wa daktari, wa sheria, wa moyo na wa maisha ya kila siku, pamoja na vyama vya mtaani.

Lakini kanuni haipikwi chunguni. Inahitaji pesa. Nchini Uingereza, Jean Corston alitoa ripoti mwaka 2007 akiomba vituo vya wanawake mitaani. Mwaka 2009 serikali ikatoa pauni zaidi ya milioni 15 kwa kazi hiyo. Huko pia vituo vilihangaika pesa zilipopungua. Kwa hiyo tunaomba mstari wa kudumu katika bajeti, si zawadi ya siku moja.

Mstari huo ulipe nini? Nauli ya kufika nyumbani. Mahali pa kulala kwa wiki za kwanza. Matibabu. Kadi ya mchaguzi, maana kwa wengi wetu ndiyo kitambulisho. Mtaji mdogo wa kuuza unga ao makala. Na mtu wa kumsindikiza kwa jamaa ili watoto warudi kwake.

Wengine watauliza: mbona tusaidie wafungwa, na sisi tusio na kosa tunakosa? Tukumbuke kwamba wengi waliomo magerezani kwetu wanangoja hukumu bado. Na mtoto hakuhukumiwa kamwe. Mama asiye na pa kulala wala cha kupika atarudi kwa urahisi palepale alipotoka.

Kikao cha bunge cha mwezi wa 9 ndicho cha bajeti. Kila kikundi kiandike barua kwa wabunge wa jimbo kabla ya hapo, na kitaje mahitaji haya moja kwa moja. Tukingoja jibu, kila AVEC iangalie sanduku lake la mshikamano: je, mama aliyetoka gerezani anaweza kupata kiti katikati yetu, bila kuulizwa kwanza kosa lake?