Siku 140 za Karagwe: Safari ya Speke Ilimgharimu Nani?

Tarehe 25 Novemba 1861, Kapteni John Hanning Speke na mwenzake, Kapteni James Augustus Grant, waliwasili Bweranyange, makao ya Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe. Serikali ya Uingereza ilikuwa imewapa pauni 2,500 za kutafuta chanzo cha Nile. Pauni moja ya wakati ule ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo bajeti yao ni shilingi 50,000 za Kiingereza.

Ni nyingi au chache? Katika karne ya 18 maofisa wengi wa Uingereza walinunua vyeo vyao. Kwa bei rasmi ya mwaka 1766, cheo cha luteni kanali wa askari wa miguu kiliuzwa pauni 3,500. Bajeti ya Speke ni asilimia 71 tu ya cheo hicho kimoja. Yeye hakununua chake, maana alitoka katika jeshi la Kampuni ya India Mashariki, lililogawa vyeo kwa kujuana.

Hata hivyo, pauni 2,500 si gharama yote. Bunge la koloni la Rasi, Afrika Kusini, liliongeza pauni 300 za kununulia nyumbu. Michango ya takribani pauni 1,000 ilikusanywa ili mfanyabiashara John Petherick awapokee Gondokoro, kwenye Mto Nile, kwa mashua na chakula. Jumla inapanda hadi pauni 3,800, au shilingi 76,000: asilimia 52 juu ya bajeti inayotajwa. Serikali ya India nayo ilitoa bunduki 50 na risasi 20,000, yaani risasi 400 kwa kila bunduki, na hizo hazimo katika jumla hiyo.

Sasa tuhesabu siku. Kutoka Bagamoyo, 2 Oktoba 1860, hadi Gondokoro, 15 Februari 1863, ni siku 866. Speke alikaa kwa Rumanyika siku 46, akaelekea Buganda Januari 1862. Grant alibaki akiugua mguu hadi katikati ya Aprili, akaondoka akibebwa kwenye machela. Kwake ni takribani siku 140, asilimia 16 ya safari nzima.

Tukigawa zile shilingi 50,000 sawasawa kwa siku, fungu la Karagwe linakuwa kama shilingi 8,100. Mgawanyo huo una kasoro, kwani msafara uligawanyika Januari, na matumizi hayakuwa sawa kila mahali. Usui, kusini mwa Karagwe, mtawala Suwarora aliwatoza hongo nzito ya nguo na nyaya, hongo ikiwa ni ushuru wa kupita. Walipoingia Karagwe waliambiwa kuwa mgeni hatozwi. Vijiji vya njiani viliwaletea chakula kwa gharama ya Omukama. Rumanyika alipokea zawadi, zikiwemo joho jekundu, shanga na nyaya za shaba, lakini zawadi haina kiwango kilichopangwa kama ushuru.

Chakula hicho kilikuwa kiasi gani? Tuchukulie, kwa mfano tu, wastani wa watu 40 kwa siku 140: ni posho 5,600 za siku moja. Kila watu kumi wakiongezwa au kupunguzwa, hesabu inasogea kwa posho 1,400. Hata tukiishusha hadi watu 20, zinabaki posho 2,800 zilizotoka kwenye migomba na mifugo ya Wanyambo, wenyeji wa Karagwe.

Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke aliandika vipimo vya shemeji wa Rumanyika: mkono inchi 23, kifua inchi 52, paja inchi 31. Jumla ya mikungu ya ndizi, mbuzi na pombe iliyowalisha watu wake hakuiweka.

Kwa hiyo, pauni 2,500 ni kile ambacho London ilitoa, si kile ambacho safari iligharimu. Anayeandika upya historia ya Bweranyange aongeze safu ya pili kwenye hesabu hiyo, na juu yake aandike jina la Rumanyika na vijiji vyake.