Alama za Kitabu cha Ubatizo

Likizo iliyopita nilimsindikiza babu yangu kutoka Butiama mpaka parokia alikobatizwa, tukatazame jina lake katika kitabu cha zamani. Wazee wenzake walikuwa wakimtania kwamba hakubatizwa kamwe, maana hakuna aliyemwona kanisani siku hiyo. Wao walicheka, lakini yeye alikuwa halali usingizi.

Vitabu hivyo vya Wakatoliki viliandikwa kwa Kilatini, tena kwa kufupisha. Mwanzoni nilidhani ni mafumbo. Baba Paroko akanifundisha kuyasoma.

Kwenye mstari wa babu paliandikwa “8bris 1940”. Nikasema upesi, “Mwezi wa nane!” Kumbe sivyo. Warumi wa kale walianza kuhesabu miezi toka Machi, kwa hiyo mwezi wao wa nane ndio Oktoba yetu. Vivyo hivyo 7bris ni Septemba, 9bris ni Novemba, na Xbris ni Desemba. Mwalimu Nyerere alibatizwa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, naye alikuwa mtu mzima wa miaka 21. Kwa mwandiko ule wa kale tarehe hiyo huandikwa 23 Xbris. Msomaji anayetafuta tarehe ya bibi yake ajihadhari hapo.

Mengine ni rahisi. “Nat.” ni alizaliwa, “bapt.” ni alibatizwa, “circa” ni yapata, nayo iliwafaa wasiojua mwaka wao wa kuzaliwa. Pembeni huandikwa ndoa ya mtu, hata kama alifunga mbali. Msalaba mdogo kando ya jina maana yake mtu huyo amekufa.

Babu hakuwa na msalaba. “Basi mimi ni mzima,” akasema, tukacheka. Lakini alikuwa na maneno haya: “in per. mort.”, yaani katika hatari ya kufa. Mtoto akiwa mahututi, mtu yeyote aweza kumbatiza kwa maji palepale nyumbani, hata mama mwenyewe. Akipona, hupelekwa kanisani kumaliziwa sala zilizobaki. Ndiyo sababu wazee hawakumwona.

Mstari wa juu yake ulikuwa na tarehe ile ile, wazazi wale wale, jina jingine, na msalaba.

Babu akautazama kwa muda mrefu. “Huyo ni pacha wangu,” akasema. “Mama alinitajia mara moja tu.”

Akaniomba nimnakilie mistari yote miwili.