Si Kila Tangawizi ya Msituni ni Dawa

Sisi wauguzi huulizwa mara nyingi: je, "tangawizi" ya msituni yatibu kikohozi kama ile ya sokoni? Tangawizi ya sokoni ilitoka Asia, wala haijulikani kuota yenyewe mwituni. Zinazoota katika misitu yetu, kama ule wa Amani huko Usambara Mashariki, uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, ni ndugu zake tu, yakiwamo matunguu. Ukoo wao duniani una aina zaidi ya 1,300.

Wataalamu wanaozihesabu hawatosheki na harufu wala majani, maana hufanana mno. Hutafuta ua, ambalo kwa matunguu huchomoza karibu na ardhi, wakalitia katika spiriti lisiharibike. Ikiwa mtaalamu hana hakika pasipo ua, sisi tutampaje mtoto mchemsho wa mmea tusioujua? Tena, anayeng'oa shina la chini huuangamiza mmea.

Basi, mkubwa mwenye kikohozi chepesi atulize koo kwa chai ya tangawizi ya sokoni. Mtoto akihema harakaharaka au mbavu zikibonyea ndani, msichemshe kitu. Mpelekeni hospitali upesi.