Ngumi Yangu Ilikuwa Ikichelewa

Wiki iliyopita, baada ya sala ya laasiri, nilisimama kwenye uwanja wa vumbi hapa Salaita, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, pamoja na vijana ambao wengi wao ningeweza kuwazaa. Mwalimu wetu wa karate alituamuru tupige ngumi moja tu, hatua moja mbele, mpaka atakapotosheka. Kijana wa kando yangu akaninong'oneza, "Mzee, na leo pia hakuna kupigana?" Nikacheka, ingawa hata mimi nilikuwa nikijiuliza hilo hilo.

Nami nina mkanda wa kahawia. Nilipewa nikiwa na miaka 24, katika klabu moja ya mjini iliyopenda mitihani, kwani kila mtihani ulikuwa na ada yake. Nilijua kata kadhaa na mateke ya kupendeza macho. Kusimama sikujua. Leo kiwiko changu cha kulia kinaniuma kwa sababu ya miaka ya kupiga hewa huku nikiunyoosha mkono mpaka kiungo kinagota. Hakuna aliyenionya kwamba mkono husimama kabla kiwiko hakijafika mwisho wake.

Ngumi ya karate haianzi begani. Inaanza kwenye kisigino cha nyuma kinachosukuma ardhi, inapita kwenye nyonga, ndipo mkono utoke, kiwiko kikipangusa mbavu. Ngumi yenyewe hugeuka mwishoni kabisa. Wakati huo huo mkono wa pili unavutwa kurudi kiunoni. Wengi wetu tunainua bega kwanza. Bega likipanda, nguvu imekatika njiani, na mpinzani ameshapata habari kabla hujafika.

Kosa langu kubwa, lakini, lilikuwa la wakati. Mguu wangu wa mbele ulitua, halafu ngumi ikafuata. Ni tofauti ndogo mno, hata huioni mpaka uambiwe. Mguu ukishatua, uzito wa mwili umeshaingia ardhini, na unabaki kupiga kwa mkono mtupu. Ngumi ikitangulia, unapiga ukiwa umesimama kwa mguu mmoja, na ukiguswa tu unaanguka. Vinatakiwa vifike pamoja.

Ukishalijua hilo peke yako, ndipo unaletewa mtu mbele yako. Yeye anashambulia kwa pigo mlilokubaliana, wewe unajibu. Mwanzo unakinga, kisha unarudisha. Wajapani huita go no sen. Baadaye unajifunza kumwingilia pale pale anapoanza kutoka, nayo ni sen no sen. Hapo usitazame mkono wake. Tazama kifua, kwani mwili hutangulia kusogea. Na umbali lazima uwe sawa, la sivyo unapiga pasipo na mtu. Kilima hiki cha Salaita kinalijua jambo hilo: tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilipiga kileleni, kumbe mahandaki ya Wajerumani yalikuwa chini. Wanajeshi wa Afrika Kusini waliotumwa kukiteka kilima wakarudishwa nyuma.

Gichin Funakoshi, aliyeitoa karate Okinawa na kuipeleka Tokyo mwaka 1922, alieleza kwamba alitumia miaka 10 kwa kata tatu za Tekki. Sisi huku mtoto akimaliza miezi mitatu bila rangi mpya kiunoni, mzazi anapiga simu. Wazazi wenzangu wa Pwani, mkimpeleka mtoto, msiulize mkanda ujao ni lini. Mwombeni mwalimu awaonyeshe jinsi anavyorekebisha ngumi ya kwanza. Akikosa subira na hilo, mchukueni mwanenu mapema, kabla viungo vyake havijalipa kama changu.

Jana katika mapigo kama hamsini, matatu yalifika pamoja na mguu. Nilijua kwa sauti, kishindo kimoja badala ya viwili. Yule kijana mnong'onaji alikuwa mbele yangu akikinga. Akarudi hatua mbili, akautikisa mkono, akasema, "Mzee, hiyo sasa nimeisikia." Kisha akaomba nimrudie polepole, nasi tukaendelea mpaka jua likazama upande wa Kilimanjaro.