Tairi kubwa, rimu ileile

Kwenye barabara ya taifa namba 4, kutoka Kisangani kuelekea Bafwasende na Nia-Nia, malori hulima mifereji miwili kwenye udongo mbichi na kuacha tuta katikati. Lori lenyewe linapita, ekseli yake iko juu. Pikapu inayolifuata huishia kukalia tuta kwa difu, magurudumu yakizunguka bure. Dereva akishakwamuliwa, mara nyingi humwendea kwado, fundi wa tairi, akiwa na ombi moja: nifungie tairi kubwa zaidi.

Ombi hilo lina msingi. Ukiinua springi unainua bodi tu. Ekseli ya nyuma ya Hilux haisogei, maana kinachoitenganisha na ardhi ni tairi. Lakini faida yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua 265/65R17, saizi inayokuja na Hilux nyingi. Upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu ni ya inchi 17. Jumla ya kimo ni kama milimita 776. Ukifunga 265/70R17 unafika 803. Tofauti ni 27, na nusu yake inakwenda juu ya ekseli, kwa hiyo difu limepanda milimita 13, chini ya upana wa kidole gumba. Spidi mita nayo inaanza kudanganya: ikisoma 60, gari linakwenda 62. Injini itavuta kwa uzito kidogo, na breki zilezile zina gurudumu refu zaidi la kuzuia.

Saizi hiyo mimi naikubali. Shida huanza pale mtu anapotaka upana, kwa sababu tairi pana linaonekana la kiume. Rimu ya kiwandani ina kikomo. Land Cruiser za kazi, zile zinazotumia 7.50R16, mara nyingi zina rimu nyembamba ya inchi 5.5 au 6, wakati 265/75R16 kwa kawaida inadai kuanzia inchi 7. Ukiilazimisha, kingo zake zinabanwa ndani, uso wa tairi unavimba katikati na kuliwa hapo kwanza, mbavu zinatokeza nje kusubiri visiki na mizizi. Ukipunguza upepo ili upite kwenye tope, tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Na huo upana unatafutwa kwa ajili ya nini? Kimo cha 265/75R16 ni milimita 804, 7.50R16 nayo inazidi 800. Hujapanda popote.

Tope la njia zetu mara nyingi lina udongo mgumu chini yake, na tairi jembamba hulikata hadi likaukuta. Waendesha toleka, baiskeli za kubeba abiria, wanalijua hilo bila hesabu. Penye shimo lisilo na sakafu, kweli, upana husaidia kuelea, lakini hapo hata mwenye tairi pana huwa anasubiri kuvutwa. Kwa hiyo pesa yangu ningeiweka kwanza kwenye meno: makubwa, yenye nafasi kati yake, ili tope lirushwe nje lisigande. Kisha pampu nzuri, maana kushusha upepo kutoka bari 2.2 hadi 1.5 ni kazi ya dakika chache, ila lazima uujaze tena kabla ya kushika kasi.

Kabla ya kulipia seti nzima, omba ufungiwe moja tu mbele. Pakia mzigo, pandisha gurudumu hilo juu ya gogo, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, ukiangalia linapokaribia bodi na chasisi. Soma pia namba ya uwezo wa mzigo ubavuni. Isipungue ile ya tairi la zamani. Hesabu matano, siyo manne: spea fupi ikifungwa nyuma na 4x4 ikiwashwa, gia za kugawa nguvu ndizo zitakazoumia, na vipuri vyake havipatikani Bafwasende.