Maradhi safarini: Mweleze tabibu ulikotoka



Ndugu wasomaji, zifikapo likizo za shule za mwezi Juni na Desemba, familia nyingi za mkoani Mara hufunga safari. Kwa mtu wa Tarime, safari ya nchi ya nje haihitaji ndege. Akivuka mpaka wa Sirari amekwisha kuingia Isebania, nchini Kenya, na wengi wana wajomba na mashangazi Kehancha, Migori na hata Nairobi. Wakati huohuo wapo wanaokuja kwetu: watalii wanaoingia katika Hifadhi ya Serengeti, na ndugu zetu waishio Uingereza, Oman na kwingineko, ambao huwaleta watoto wao kuwaona bibi na babu. Wote hawa ni wasafiri, na wote yaweza kuwafika maradhi wakiwa mbali na kwao.

Leo tunakusudia kulikumbusha jambo moja ambalo wengi hulisahau. Mgonjwa aliye safarini ana habari ambayo tabibu hanayo, nayo ni habari ya njia aliyopita. Asipoisema, tabibu hutafuta maradhi ya mahali alipo, akayaacha maradhi ya mahali mgonjwa alikotoka.

Tuanze na tukio lililotokea karibu nasi. Mwaka 2001 madaktari wa Ulaya walishangaa kuona ugonjwa wa malale kwa wasafiri tisa waliokuwa wametembelea hifadhi za Tanzania, zikiwamo Serengeti na Tarangire. Malale huenezwa na mbung'o, ambaye huuma mchana, hufuata gari linalokwenda, huvutwa na nguo za rangi ya buluu na nyeusi, na anaweza kutoboa kitambaa chepesi. Malale ya upande wetu huu wa Afrika ni makali. Kwa kawaida dalili huanza baada ya wiki moja hadi tatu: huenda kikatokea kidonda chenye uvimbe mahali alipouma mbung'o, kisha homa, kuumwa kichwa na uchovu. Baadaye vijidudu huingia katika ubongo, na mgonjwa asipotibiwa hufa katika muda wa miezi.

Sasa tuzingatie muda huo wa wiki moja hadi tatu. Mtalii aliyeumwa na mbung'o karibu na lango la Ikoma huwa amekwisha kurejea kwao dalili zinapoanza. Daktari wa mji wa baridi, ambaye huenda hajawahi kumwona mbung'o, atayajuaje haya asipoambiwa kuwa mgonjwa wake alikuwa Serengeti? Hata hapa kwetu hatari ipo. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwezi kuonyesha malale. Kikitoa jibu kuwa hakuna malaria, mgonjwa aweza kurudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu. Lakini damu ileile ikitazamwa kwa hadubini na mtaalamu aliyeambiwa kwamba mgonjwa alikuwa hifadhini, vijidudu vya malale vyaweza kuonekana. Malale ni nadra siku hizi, na tiba yake ipo. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaoruhusu dawa ya kumeza iitwayo feksinidazo kutumika kwa aina hii ya malale. Dawa hiyo haimfai kitu mgonjwa ambaye ugonjwa wake haujatambuliwa.

Yanayosemwa juu ya malale husemwa zaidi juu ya malaria, ambayo si nadra hata kidogo. Tuchukue mfano wa familia inayotoka kijiji cha bondeni karibu na Mto Mara kwenda kupumzika Nairobi. Mji ule uko juu kiasi cha meta 1,700 kutoka usawa wa bahari, una baridi, na malaria yake ni kidogo. Baada ya siku nane mtoto anapata homa. Mwenyeji anasema ni baridi ya Nairobi, na daktari naye akiona mtoto wa mjini hufikiri kwanza juu ya mafua na kifua. Mzazi akitamka neno moja tu, kwamba tumetoka Mara wiki iliyopita, mtoto atapimwa malaria saa ileile. Akinyamaza, siku mbili zaweza kupotea, na kwa mtoto mdogo siku mbili ni nyingi mno.

Kundi la tatu ni ndugu zetu warejeao likizo kutoka Ulaya. Hawa ndio tunaowahofia zaidi, kwa kuwa wao wenyewe hawana hofu. Mtu aliyezaliwa na kukulia Tarime au Mugumu hudhani mwili wake unaijua malaria. Kweli, anayeumwa mara kwa mara hujenga kinga kiasi fulani, lakini kinga hiyo hupungua mtu akikaa miaka katika nchi isiyo na ugonjwa huo. Ama watoto wake waliozaliwa huko, hao hawana kinga kabisa. Takwimu za Uingereza zimekuwa zikionyesha kwamba wengi wa wanaougua malaria nchini humo ni watu waliokwenda Afrika kuwatembelea jamaa zao. Watalii wa hotelini mara nyingi humeza vidonge vya kinga. Mwenyeji arudiye kwao huona kuvimeza ni kujifanya mgeni. Basi tunawanasihi: muoneni daktari wiki kadhaa kabla ya safari, laleni ndani ya chandarua chenye dawa, na mkirejea mlikotoka mkapata homa, hata ikiwa imepita miezi mitatu, semeni kuwa mlikuwa Tanzania.

Yapo na mambo mengine ya kujiandaa nayo.

Kwanza, mwenye kisukari, shinikizo la damu au pumu achukue dawa za kutosha safari yote na siku za ziada, aziweke katika mkoba wa mkononi, na aandike jina la asili la dawa, kwa sababu majina ya kibiashara hubadilika ukivuka mpaka. Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Pili, wasafiri wengi hupatwa na kuharisha. Dawa ya kwanza ni maji na chumvichumvi. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi na salama hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, mgonjwa akanywa kidogo kidogo. Chumvi isizidishwe.

Tatu, msidhani kuwa bima ya afya ya nyumbani itakubaliwa ng'ambo. Ulizeni kabla ya kuondoka, na mtenge fedha ya dharura.

Nne, mtoto aliyepata degedege, aliyeshindwa kunywa au kunyonya, anayetapika kila kitu, au aliyelegea na kupoteza fahamu, apelekwe hospitali usiku huohuo. Asisubiri kulipambazuka wala safari ya kurudi nyumbani.

Wako watakaosema kuwa maandalizi yote haya ni uchache wa tawakuli. Tunawakumbusha habari ya Sayyidna Umar (RA) alipokuwa njiani kwenda Shamu. Alipofika Sargh aliambiwa kuwa tauni imeingia katika nchi ile. Akashauriana na watu, kisha akaazimia kurejea. Abu Ubayda (RA) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akamfahamisha kuwa anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine, na zote ni za Mwenyezi Mungu. Kisha Abdurrahman bin Auf (RA) akawaeleza kuwa Mtume (SAW) alikataza kuingia katika nchi yenye tauni, na kutoka humo kwa kuikimbia. Basi kuahirisha safari kwa sababu ya maradhi, au kuikatiza katikati, hakupingani na imani. Familia isione haya kuivunja likizo kwa ajili ya mmoja wao, wala mgonjwa asifiche hali yake kwa kuchelea kuwaharibia wenzake furaha. Ugonjwa uliofichwa ndio unaokuja kuwaharibia.

Aidha, dini yetu imewakunjulia njia wawili hawa, mgonjwa na msafiri, nayo huwataja pamoja. Katika Suratul Baqara wameruhusiwa kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, na anayedhuriwa na maji hutayamamu. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba mja anapougua au kusafiri huandikiwa mema aliyozoea kuyatenda alipokuwa mzima na alipokuwa kwao. Kwa hiyo mgonjwa wa safarini asijilazimishe kwa kuhofu kupungukiwa na thawabu. Alilo nalo la kufanya ni kutafuta tiba, na kumweleza tabibu ukweli wote: alikotoka, siku alizokaa, kilichomuuma, na dawa alizokwisha kumeza, hata zile za mitishamba.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, wa nyumbani na wa safarini, na awarejeshe wasafiri kwao salama. Amin.